Siku nne Matema na boksi la vitabu

Ijumaa, 4 Julai

Nianze kwa kukiri, bahari hatuna. Ukiwa Mbeya ukaitaka bahari unapanda basi la alfajiri unakula zaidi ya kilomita 800 mpaka Dar, unashuka miguu imevimba, na ukifika huko kwenye matamasha ya fasihi unakuta kila mtu ni wa pwani na wewe ukifungua tu mdomo wanajua umetoka kwenye baridi. Mimi nauza vitabu vya mtumba pale Mwanjelwa, nauli ya kwenda kusikiliza mashairi Zanzibar na kurudi ni mtaji wa miezi miwili. Kwaiyo sisi wapenda vitabu wa huku juu tukasema jamani, si tuna ziwa? Ziwa Nyasa si dogo, ni la tatu kwa ukubwa Afrika, kina chake kinafika mita 700, mawimbi yapo, mchanga upo, samaki wapo, kinachokosekana ni chumvi tu.

Basi kila Sabasaba tunashuka Matema, kijiji cha ufukweni mwa ziwa. Hii ni mara ya nne. Hatuna bango, hatuna mfadhili, kwenye grupu tunaita "tamasha" kwa kujikweza ila ukweli ni watu ishirini na kitu na mikeka. Tarehe tuliichagua kwa sababu Sabasaba ni sikukuu watu wako nyumbani, na pia ndio Siku ya Kiswahili Duniani, UNESCO waliipitisha 2021 wakafuata ile tarehe ya kuzaliwa chama cha TANU, 7 Julai 1954. Mwaka huu imeangukia Jumatatu, raha iliyoje, wikiendi ndefu.

Nimefika stendi ya Nane Nane saa kumi na mbili na nusu, baridi inakata masikio, nina begi la nguo na boksi la vitabu 63. Nilivihesabu jana usiku mara mbili. Boksi lenyewe ni lile la mafuta ya kula, nimelifunga kamba za katani, nikamwambia konda hili nakaa nalo miguuni, akasema dada gari limejaa, linapanda juu, turubai lipo. Turubai nililiona kwa macho yangu. Sikulikagua, hilo ndilo kosa langu.

Igawilo, Isyonje, ukungu mtupu, magunia ya viazi pembeni ya barabara yanaonekana kama watu wamechuchumaa. Toka Mbeya mpaka ziwani unashuka zaidi ya mita 1,200, kwaiyo safari hii unaivua kwa awamu, Isyonje una koti na sweta, Kiwira koti linatoka, ukifika Kyela unatafuta maji ya baridi. Mimi koti lilinipa joto nikalala kabla hata ya Kiwira. Nikaamshwa Tukuyu na kelele za mvua juu ya bati la kosta. Nchi nzima Julai ni kiangazi, Tukuyu wao wanayo yao, kwanza manyunyu kisha ikaachia ya kweli kweli, na mimi nikageukia dirishani nikafikiria jinsi migomba inavyopendeza ikinyeshewa, nikarudi kulala. Yani boksi halikunijia kichwani kabisa!

Nimelikumbuka Kyela, wakati wa kulishusha. Lilishuka vipande viwili. Konda alibaki na kamba na kifuniko mkononi, chini ikabaki rundo. Turubai lilikuwa na tundu la kupitisha mkono, na tundu lenyewe lilikaa juu ya boksi langu kama limepimwa. Nilitaka nigombane nae ila gari lilishaanza kugeuza, na kusema ukweli nililala safari nzima, ningemwambia nini.

Kuna bodaboda akanipa mfuko wa sandarusi wa mbolea, tukapakia. Kupita Ipinda sikuangalia mashamba ya mpunga wala mikokoa, nilikuwa nimeukumbatia ule mfuko unanichuruzikia mapajani, abiria wa pembeni akaniuliza mama umebeba barafu?

Matema saa kumi jioni. Milima ya Livingstone inashuka mpaka inataka kuingia majini, ziwa limetulia, nilitakiwa nifurahi. Nimemwaga vitabu sakafuni chumbani. Kamusi imevimba kama andazi. Nimekula wali na magege, samaki wa ziwani, bila hamu, nimelala.

Jumamosi, 5 Julai

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa dagaa. Asubuhi nilitoka na vitabu vitano natafuta jiwe la kuvianikia, akaniona nahangaika, salamu za Kinyakyusa, ndaga, ndaga, akaniuliza hivyo ni vitu gani. Nikamweleza. Akacheka mpaka akakaa. Alafu akasema kalete vyote.

Huku dagaa wa ziwani wanawaita usipa, na wanavuliwa usiku kwa taa, giza likiwa zito ndio wanaifuata taa. Juzi mwezi ulikuwa nusu, sasa unaelekea kujaa, kwaiyo wavuvi wanapata kidogo na chanja nyingi zipo wazi. Ingekuwa wiki ya giza asingekuwa na hata shubiri ya kunipa. Chanja yenyewe ni miti imesimikwa kama meza ndefu, juu wametandika wavu mkuukuu, upepo unapita chini na juu. Nusu alikuwa ametandaza usipa wa jana, nusu nyingine tukatandaza fasihi ya Kiswahili.

Nilikuwa naviweka vimelala. Akanikataza. Akachukua kimoja akakifungua katikati, akakigeuza kifudifudi kama paa la nyumba, akasema dagaa ukimlaza kwa mgongo tu anaoza tumbo. Kila nusu saa tunageuza. Vile vyenye karatasi za kunata tuliachanisha kurasa moja moja kwa unyoya wa kuku, ndio, unyoya, kidole kinachana ila unyoya unapenya. Sijui alijulia wapi. Nilivyomuuliza akasema tu hata samaki ana kurasa.

Kulikuwa na mtoto wa kama miaka kumi kazi yake kufukuza kunguru. Ana fimbo, anatembea toka mwanzo wa chanja mpaka mwisho, anarudi. Baada ya saa moja naona mbona kunguru wanakula dagaa huku na mtoto yupo? Kumbe anasoma. Anasimama kwenye kitabu, anasoma kurasa mbili zilizo wazi, anasogea cha pili, anasoma mbili, anasogea. Akifika mwisho anarudi mwanzo, anakuta bibi yake ameshageuza, anasoma zingine. Ukimuuliza amesoma nini anakupa mchanganyiko ambao hakuna mwandishi duniani aliwahi kuutunga, mfalme kapanda daladala kaenda kudai mahari. Fimbo ameishika chini ya kwapa.

Saa tano nikamwachia doria yake nikaenda mnadani Lyulilo, Jumamosi ndio siku ya vyungu. Wanawake wa Kikisi wanavileta kwa mitumbwi toka Ikombe huko chini ya milima, vimepangwa kwa mamia kwenye nyasi kavu, vyekundu vyekundu vina nakshi nyeupe shingoni, na vinafinyangwa kwa mkono bila gurudumu. Vyungu hivi utavikuta mpaka Mbeya mjini bei mara tatu. Nimenunua kimoja cha maharage. Muuzaji alikigonga kwa kifundo cha kidole akanisikilizisha, ukisikia kama kengele ni kizima, ukisikia kama gogo kina ufa. Vingine alikuwa anavigonga na kuvitenga pembeni hata kabla mteja hajauliza.

Wenzetu wamefika mchana kwa mafungu, wa Tukuyu, wa Makambako, wawili wa Iringa walioanza safari jana, na Mwalimu. Mwalimu ni mstaafu, amefundisha Kiswahili sekondari miaka sijui mingapi, tunamwita Babu Mizani lakini sio mbele yake. Shikamoo Mwalimu. Marahaba, nasikia umeleta dagaa. Habari ilikuwa imeshafika mpaka Kyela.

Jioni tukasoma ufukweni kwa mwanga wa mwezi na tochi za simu mpaka chaji zikaisha. Walisoma wengi, wengine wazuri, kuna kaka mmoja wa Makambako alisoma hadithi ya baba yake mpasua mbao akatuliza watu mpaka ukasikia maji yakilamba mchanga. Kuna mwingine alisoma kurasa kumi na nne. Sisemi zaidi.

Jumapili, 6 Julai

Asubuhi nusu ya tamasha imeenda kanisani, kwaya inasikika mpaka huku. Mimi nimebaki na chanja. Vitabu 63, vilivyopona kabisa 41, vilivyopona ila vimekunjamana 17, vitano ndio basi tena, karatasi zimekuwa uji. Kamusi imepona, ila haifungiki, inakaa wazi yenyewe kwenye herufi M. Na vyote, yani vyote, vinanuka usipa. Unafungua diwani unasikia njaa.

Mchana ndio kulikuwa na kazi. Kila mwaka tunatenga mchana mmoja wa watu wapya kusoma mashairi yao alafu wakubwa wanayachambua, na huwa kunanuka kidogo kwa sababu kuna wa vina na mizani, yani hesabu ya silabi, na kuna wa mashairi huru, ugomvi wa tangu miaka ya sabini ambao wenzetu wa vyuoni wanausoma kama historia, sisi bado tunagombana nao kwenye mkeka.

Akasimama binti wa kidato cha tatu, amekuja na shangazi yake toka Kyela, sauti ndogo, daftari mkononi. Akasema ametunga jana baada ya kupita kwenye chanja. Nikajua nimekwisha.

Usipa umeanikwa, juani wachomwa moto
Vitabu navyo vyatekwa, njiani mvua nzito
Mimi ndiye wa kuchekwa, nililala ka' mtoto
Kurasa sasa zanuka, dagaa wa Ziwa Nyasa.

Watu walipiga makofi, mimi nilijifunika kanga. Na lile la "mimi ndiye wa kuchekwa", akiwa amejivika nafsi yangu, lilinichoma hasa kwa sababu hakuna mtu nilimwambia nililala zaidi ya shangazi mmoja hivi.

Ila Mwalimu hakupiga makofi. Alikuwa anakunja vidole. Ana namna yake, anakunja vya mkono wa kushoto kwa ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, vya kulia kwa utao, nusu ya pili, midomo inacheza. Alipomaliza akasema rudia mshororo wa pili. Binti akarudia. Mwalimu akasema utao una mizani 7.

Kimya. Binti akasema hapana Mwalimu, nimehesabu, ni 8. Na akahesabu mbele za watu, hakuogopa, nji, a, ni, m, vu, a, nzi, to. Nane. Mwalimu akasema hapo hapo, m na vu umezitenganisha kwa ruhusa ya nani? Mvua ni mvu-a, mizani mbili. Kaka wa Makambako akadakia, mbona mtu ni m-tu, mbili? Mwalimu akasema mtu ni m-tu kwa sababu huyo m anasimama kwa miguu yake, ni yule yule wa m-toto na m-vulana. Wa mvua amebebwa mgongoni, kama wa mbuzi, au wewe mbuzi unamwita m-bu-zi? Ukimwita hivyo ataitika?

Nusu saa, sio utani. Watu wanapiga makofi kupima, mvu-a, m-vu-a, mbu-zi, m-tu, wavuvi waliokuwa wanashona nyavu wakasogea wakaanza na wao kupiga makofi, mmoja anasema ni tatu mwenzie anasema mbili, wakakaribia kuwekeana dau. Mama wa dagaa alikuwa amekaa pembeni anasikiliza muda wote. Mwisho akasema sisi Wanyakyusa mvua ni ifula, i-fu-la, tatu, haina ubishi, Waswahili ndio mnajitafutia shida. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

Binti ndie hakucheka. Ameinama kwenye daftari anapiga vidole kwenye goti. Alafu akainua kichwa akasoma polepole, "vitabu navyo vyatekwa, njiani kwa mvua nzito."

Mwalimu akakunja vidole. Akakunjua. Akasema kaa chini mwanangu, umemaliza.

Niliangalia ile "kwa" nikakumbuka yule mama wa Lyulilo anavyogonga chungu. Mshororo ule wa mwanzo, bila "kwa", ulikuwa unasikika sawa kabisa mpaka uliposikia huu uliorekebishwa.

Vijana wa mashairi huru wakaona hapa wamepigwa, wakaleta ya kwao, wakamtaja Kezilahabi, mshairi wa mashairi huru, wakasema mbona diwani yake Kichomi ya 1974 haihesabiki kwa vidole na bado inasomwa. Walidhani Mwalimu atawaka. Mwalimu akaingiza mkono kwenye mkoba akatoa nakala yake ya Kichomi, imechakaa, jalada limeshikwa na gundi ya karatasi, akasema huyu ni wangu pia, nisichotaka ni mtu anayekimbilia kwake kwa sababu hesabu zimemshinda. Akaongeza kitu ambacho mimi nilikuwa sijawahi kukifikiria, kwamba Kezilahabi alikuwa mtu wa Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, maji yasiyo na chumvi pande zote. Na sisi tunakuja hapa kila mwaka tunajinyong'onyeza eti bahari hatuna! Kaka wa Iringa akasema basi Mwalimu Iringa hata ziwa hatuna tufanyeje. Akaambiwa chimba bwawa.

Usiku upepo wa kusi umeamka, mawimbi yanapiga kweli, tumehamia barazani. Nimeuza vitabu 19 kwa siku moja, sijawahi, na karibu wote waliomba vilivyonuka zaidi.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba yenyewe. Asubuhi hotuba mbili fupi na moja isiyo fupi, watoto wa kijijini wakaimba, tukagawana mihogo. Sina mengi, watu walikuwa wanawaza magari ya kurudi.

Ila yule mtoto wa kunguru alinitafuta. Ananiuliza, shangazi, yule mtu aliyekuwa amejificha kwenye pipa, alitoka? Pipa lipi? Hajui. Jina la kitabu? Hajui, jalada lilikuwa limeangalia chini. Tukaanza kufunua kimoja kimoja mchangani, mimi na yeye, magari yanapiga honi, hakuna pipa. Ikabidi nikumbuke nilivyouza. Kikawa kwa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa ameshakaa garini siti ya mbele. Nikamwambia kuna mteja ana swali. Akashuka, pole pole na magoti yake yale, akakaa na mtoto kwenye tairi la mtumbwi uliopinduliwa... sio tairi, yale magogo wanayotembezea mtumbwi, akamsimulia kuanzia pipa mpaka mwisho bila kufungua kitabu. Dereva alipiga honi tatu akaacha. Mtoto alipoona imeisha akauliza, na mwanzoni? Mwalimu akamwachia kitabu, akasema mwanzo utajisomea mwenyewe, ukishindwa neno mwambie bibi akupigie makofi.

Nimemuaga mama wa dagaa. Nilitaka kumlipa chanja, akakataa, akachukua ile kamusi inayokaa wazi kwenye M, akasema hii nitaweka kwenye ndoo ya sadolini, mjukuu asome. Ndaga fijo mama, asante sana. Akanifungia na usipa wa kukaanga kwenye gazeti, nikauweka juu ya vitabu vilivyobaki, boksi jipya hili la biskuti, halina hata doa.

Kyela tulipata kosta saa saba. Konda mwingine, kijana, kabla sijafungua mdomo ameinama ananusa boksi. Dada dagaa wanapanda juu. Nikasema sio dagaa, ni vitabu, na juu hakipandi kitu. Akanusa tena. Nikamfungulia. Akatoa kile kifurushi cha gazeti akanionyesha bila kusema neno. Nikasema hicho ni cha njiani, nusa vitabu vyenyewe. Akachukua diwani moja akaifungua katikati, akanusa, na kutoka kwenye mshono wa kurasa akadondoka usipa mmoja mkavu, mzima, macho yako wazi.

Tukaangaliana.

Nimelipa elfu mbili ya mzigo wa dagaa, lakini boksi nimekaa nalo miguuni mpaka Uyole, na Tukuyu sikulala. Haikunyesha.